Muiri: gome la tezi dume, na namna ya kulichuna bila kuua mti

Mwanamume akishapita miaka hamsini, usingizi wake huanza kukatika. Anaamka saa sita, anaamka saa nane, anaamka tena saa kumi za usiku, na kila akifika msalani anasimama muda mrefu kwa matone machache. Wengi hawamwambii mtu, hata mke. Wanachofanya ni kuuliza pembeni, kwenye barza ya kahawa au baada ya swala, na jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba iko dawa ya mti.

Mmojawapo wa miti inayotajwa ni muiri. Hilo ni jina la Kikuyu. Wameru wanauita mweria, Waluhya wa upande wa Kakamega mwiritsa, na Wakipsigis tenduet. Wataalamu wa mimea wanauita Prunus africana, jamaa wa pichi na plamu zinazouzwa sokoni. Zamani walikuwa wakiuita Pygeum africanum, na ingawa jina hilo lilibadilishwa mwaka 1965, neno Pygeum ndilo lililobaki kwenye chupa za vidonge zinazouzwa Ulaya na Marekani. Ni vyema kulijua jina hilo, kwa sababu jamaa zetu walioko ng'ambo huleta chupa hizo zikiwa zawadi kwa wazee nyumbani, na wazee huzipokea kama dawa ya kizungu. Kilichomo ndani ni gome la mti wa misitu ya Afrika na Madagaska.

Sisi wa pwani hatuna mti huu mlangoni. Hauoti Kilifi wala Kwale, kwenye joto la bondeni. Ni mti wa milimani, kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na kuendelea, penye mvua nyingi na ukungu: Mlima Kenya, Aberdare, Mau, msitu wa Kakamega, na hapa kwetu vilima vya Taita. Nje ya Kenya unapatikana Ethiopia, Uganda, Burundi, Kongo ya mashariki, milima ya Tanzania, Kameruni, kisiwa cha Bioko, Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari, Madagaska.

Ukiuona hutausahau. Ni mti mrefu, unaofika mita 25 na hata kuzidi, wenye gome jeusi la kahawia lililopasukapasuka kwa mistari ya mraba kama ngozi ya mamba. Majani yake yanang'aa, na ukilisugua moja vidoleni linatoa harufu ya lozi chungu. Nasema lozi hasa, si kungu. Harufu hiyo ni ya kuheshimu, kwa kuwa inatokana na kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, na ndiyo sababu waganga wa milimani hawatumii majani na mbegu zake ovyo. Matunda yake ni madogo, machungu, ya zambarau iliyokolea yakiiva, na ndege na nyani huyala na kuzieneza mbegu.

Jamii za milimani zimetumia gome lake kwa miaka mingi: kwa maumivu ya tumbo, homa, kifua, matatizo ya mkojo, hata kwa mifugo. Hupondwa na kuwa unga au huchemshwa na maji yake kunywewa. Mbao zake nazo ni ngumu mno, zinafaa kwa mipini ya majembe na mashoka na mbao za madaraja, kwa hiyo mti huu umekuwa ukikatwa hata na watu wasiojua lolote kuhusu dawa.

Gome linafanya kazi au halifanyi?

Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, alipata hataza ya kutengeneza dawa kutokana na gome la muiri kwa ajili ya tezi dume iliyovimba. Tangu hapo dawa hiyo imekuwa ikitolewa na madaktari Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya, na kuuzwa dukani bila cheti Marekani.

Uchunguzi unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2002 katika mfululizo wa mapitio ya Cochrane. Ulikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Wale waliopewa gome walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni ulipungua kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Kwa mzee anayeamka mara tano, hiyo ni kama mara moja pungufu. Si muujiza, lakini muulize mzee mwenyewe usingizi wa saa moja zaidi una thamani gani.

Hata hivyo waliofanya mapitio hayo walionya kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, mengine siku 30 tu, na dawa zilizotumika hazikuwa za aina moja. Na hapa nataka nieleweke vizuri. Gome hili halitibu saratani ya tezi dume. Uvimbe wa kawaida wa uzeeni na saratani vinaweza kuanza kwa dalili zinazofanana, na hakuna mganga wala daktari anayeweza kuvitenganisha kwa kumtazama mtu usoni. Vinatenganishwa kwa kupimwa hospitalini, kwa kidole na kwa damu, na ikibidi kwa kukata kipande cha tezi kikachunguzwe. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukiziba kabisa usitoke, au mifupa ya mgongo ikiuma bila sababu, usikae ukichemsha magome. Nimemwona mzee wa ukoo wetu akinywa dawa za miti miaka miwili kwa kuona haya kupimwa, na alipofika kwa daktari ugonjwa ulikuwa umeshatembea.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa unga wa sokoni anafaa kulijua. Majaribio yale yalitumia dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye gome kwa viyeyushi, kwa kuwa vitu vinavyosaidia ni vya aina ya mafuta na haviyeyuki vizuri katika maji. Kijiko cha unga kwenye chai si kitu kile kile. Wala hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba unga wa kahawia ulio kwenye kifurushi cha nailoni ni muiri kweli na si gome la mti mwingine wowote.

Hesabu ya gome

Kipimo cha kawaida kwa siku ni kama miligramu 100 za dawa iliyokamuliwa. Kwa mwaka mmoja hiyo ni kama gramu 36. Inaonekana kidogo, inaenea kwenye kiganja. Lakini gome kavu la tani moja hutoa takriban kilo 5 tu za dawa, na gome bichi likikauka hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Fanya hesabu: mwanamume mmoja kwa mwaka mmoja anahitaji zaidi ya kilo 7 za gome kavu, yaani karibu kilo 15 za gome bichi.

Mti mkubwa ukichunwa kwa adabu, kama nitakavyoeleza, unatoa kilo 50 hivi za gome bichi. Basi mti mmoja unawatosha wanaume watatu kwa mwaka, kisha lazima uachwe upumzike miaka mitano au zaidi. Ukitaka kumhudumia mzee mmoja mfululizo bila kuuumiza msitu, unahitaji mti mmoja na nusu uliokomaa, umetengwa kwa ajili yake peke yake. Sasa fikiria wazee wa Ufaransa, Italia, Hispania na Marekani kwa pamoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoumaliza muiri katika sehemu nyingi. Mchunaji anayelipwa kwa kilo ana njia mbili: kubandua kilo 50 na kutembea kutafuta mti mwingine, au kuuangusha huu huu na kuchuna shina, matawi na hata mizizi. Mti mkubwa ukichunwa wote unatoa mamia ya kilo kwa siku moja. Mwenye njaa hachukui muda mrefu kuamua.

Kwa nini mti unakufa

Watu wengi hudhani gome ni kama nguo ya mti, ukiivua utapata baridi kidogo halafu itaota nyingine. Gome lina tabaka mbili. La nje ni kavu, limekufa, kazi yake ni kukinga. La ndani ni hai na lina maji, na humo ndimo chakula kilichotengenezwa na majani hupita kushuka mizizini. Chini yake kabisa, limegusana na mbao, liko tabaka jembamba linaloteleza ambalo ndilo linalozaa gome jipya na mbao mpya. Dawa imo kwenye gome la ndani, kwa hiyo mchunaji hawezi kuridhika na lile la nje.

Ukizungusha panga na kulitoa gome pande zote, umekata njia ya chakula. Mizizi inaanza kufa njaa. Mti hauangui siku hiyo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unaweza kusimama na majani yake mwaka mzima au zaidi ukila akiba, kisha matawi ya juu yanaanza kukauka, wadudu watoboao mbao wanaingia kwenye kidonda, na mti unakwisha polepole wakati mchunaji alikwisha kusahau kwamba alipita hapo. Muiri una uvumilivu wa ajabu kuliko miti mingi, mingine imeonekana ikiota gome jipya hata baada ya kuchunwa shina zima. Lakini uvumilivu huo hauwi kwa kila mti, na panga likigusa mbao na kukwaruza lile tabaka linaloteleza, pale hapaoti kitu.

Kameruni walijaribu

Mfano ulioandikwa zaidi ni wa Kameruni. Mwaka 1972 kampuni iliyoitwa Plantecam, tawi la kampuni ya Ufaransa, ilianza kununua gome na kulikamua katika kiwanda kilichokuwa Mutengene, karibu na Mlima Kameruni. Kwa miaka ya mwanzo kazi ilifanywa na wachunaji wa kampuni yenyewe waliofundishwa kuchuna sehemu tu ya shina. Mwaka 1985 serikali ikafungua mlango na kutoa leseni kwa wafanyabiashara wengine wengi. Wao hawakuwa na wachunaji wao wala mafunzo, walikuwa na lori na pesa taslimu. Ikawa nani atawahi kufika. Katika milima ya kaskazini-magharibi, upande wa Oku, miti ilichunwa mpaka kwenye matawi, mingi ikafa imesimama.

Mwaka 1993 mtafiti Tony Cunningham na mwenzake Mbenkum walichapisha ripoti iliyoeleza kwa kina uharibifu huo, na ulimwengu ukashtuka. Kufikia 1995 muiri ulikuwa umeingizwa katika Kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES, ule ule unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Maana yake ni kwamba gome haliwezi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kuwa limetolewa bila kuudhuru msitu. Biashara haikukatazwa, iliwekewa masharti.

Mwaka 1997, kwenye miteremko ya Mlima Kameruni, vijiji vya Mapanja na Bokwongo vilifikia makubaliano na Plantecam. Wanavijiji wakafundishwa, wakaruhusiwa kuchuna wenyewe, na sehemu ya malipo ikawa inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko mafunzo yenyewe. Kabla ya hapo mwanakijiji alikuwa akiona lori la mgeni likipita limejaa gome na hana la kusema. Baadaye, mtu aliyeuzungusha mti panga alikuwa anaiba maji ya bomba na madawati ya watoto wa jirani zake. Mwaka 2000 wachunaji wa eneo hilo wakaunda kikundi chao, MOCAP. Lakini mwaka huo huo kiwanda cha Plantecam kikafungwa, mnunuzi mkubwa akaondoka, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua gome la Kameruni kwa sababu nchi haikuweza kuonyesha ina miti mingapi na inachuna kiasi gani. Biashara ilirudi miaka kadhaa baadaye, baada ya miti kuhesabiwa na kila eneo kuwekewa kiwango chake. Waliolipa gharama ya miaka ile ya kufungiwa ni pamoja na wale waliokuwa wakichuna kwa adabu.

Kuchuna kwa adabu

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza, ugumu ni kuufuata ukiwa peke yako msituni. Mti usiguswe mpaka shina lake lifike upana wa angalau sentimita 30, ukilipima usawa wa kifua. Kisha mzunguko wa shina unagawanywa robo nne. Zinachunwa robo mbili zinazotazamana, tuseme ya mashariki na ya magharibi, na zile mbili za katikati zinaachwa kabisa ili chakula kiendelee kushuka. Mchunaji anaanzia kama mita moja kutoka ardhini na kupanda mpaka kwenye tawi kubwa la kwanza, hapiti hapo. Mizizi na matawi ni mwiko.

Panga linatumika kuchora mpaka tu. Kubandua kunafanywa taratibu, kwa kabari ya mti au kwa ubapa wa panga, ili gome litoke kama ganda la ndizi na mbao ibaki laini bila mkwaruzo. Baada ya hapo mti unaachwa. Mwanzoni Kameruni walisema miaka minne au mitano ndipo zichunwe zile robo zilizobaki, lakini ilionekana kwamba gome huchelewa kurudi unene wake, hasa kwenye miti mizee na sehemu za juu zenye baridi, na siku hizi muda mrefu zaidi hupendekezwa. Ukiniuliza mimi, nitamwamini zaidi anayechunguza unene wa gome jipya kuliko anayehesabu miaka.

Kwetu pwani jambo hili si geni kabisa. Gome la mikoko lilichunwa kwa kutengenezea ngozi na rangi, na wazee wa Lamu wanaweza kukusimulia. Na wazee wa kaya za Mijikenda wamelinda misitu yao kwa karne kadhaa kwa sheria za nani aingie, achukue nini na kwa ruhusa ya nani, mpaka UNESCO ikaziweka kaya hizo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mganga anayeingia kaya hachuni mti kwa kuuzunguka. Anachukua kipande anachokihitaji kwa mgonjwa mmoja na kuondoka. Adabu hiyo ilitosha pale mteja alipokuwa jirani. Inashindwa mteja anapokuwa mji wa watu milioni moja.

Kenya yenyewe

Hapa nchini, kutoa gome kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Vibali vya CITES vya kusafirisha nje hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na anayedhani gome kwenye gunia litapita bandarini kama tangawizi anajidanganya. Lakini uchunaji mdogo mdogo wa soko la ndani hauonekani na mtu, na ndio unaotuhusu sisi wanunuzi wa Mombasa, Malindi na Voi. Hakuna lebo, hakuna anayeuliza gome limetoka msitu gani. Ukinunua, walau uliza. Muuzaji mwenye mti shambani kwake atakujibu kwa fahari.

Na kupanda shambani ndiyo njia inayonipa moyo. Wakulima wa Kameruni wamekuwa wakipanda muiri tangu miaka ya tisini, na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, chenye makao makuu Nairobi, kimefanya kazi ya kuuingiza mashambani. Mti uliopandwa unaweza kuanza kuchunwa baada ya miaka 12 hadi 15. Ni muda mrefu kwa mtu anayetaka pesa ya Krismasi, lakini mkulima wa Taita anayeweka muiri kwenye mpaka wa shamba na kati ya migomba anapata kivuli, maua yanayopendwa na nyuki, na kuni za matawi wakati anasubiri.

Kinachowashinda wengi ni mbegu. Mbegu ya muiri haikubali kuwekwa. Haikauki kama mahindi ukaifunga kwenye mtungi ukasubiri mvua, ikikaa wiki chache tu nguvu ya kuota inaondoka. Matunda yaokotwe yakiwa yameiva, nyama yake ioshwe siku hiyo hiyo, mbegu zianikwe kivulini kidogo tu, kisha ziende moja kwa moja kitaluni kwenye udongo wa msituni penye unyevu na kivuli. Ukiwa unapita chini ya mti mkubwa baada ya msimu wa matunda, tazama chini: mara nyingi miche imeota yenyewe, na ukiwa na ruhusa ya mwenye msitu, hiyo ndiyo rahisi kuliko yote kuihamisha, ikiwa na majani manne au sita na udongo wake mizizini.